Wanaojua Kuulisha Moto

Nyanya wa Nyahera anapoketi mbele ya jiko lake la udongo, hana haraka ya kiberiti. Kwanza huchukua gunzi la mahindi, akalivunja kwa mikono miwili na kusikiliza. Likikatika kwa mlio mkavu, huliweka karibu na goti. Likipinda kabla ya kukatika, au likiacha ubaridi kiganjani, hulirudisha juani. Kisha hupekua vijiti vya mkaratusi, akateua visivyozidi unene wa kidole gumba. Mjukuu aliyezoea gesi ya mtungi humwona anachelewesha chai. Lakini uji wa nyanya huchemka bila moshi kuonekana juu ya paa, na hilo halitokei kwa bahati.

Upande huu wa Ziwa Viktoria, kuanzia vilima vya Nyahera na Kajulu hadi uwanda wa Kano, jiko halijawahi kutegemea kuni za aina moja. Kuna magunzi baada ya mavuno. Kuna mabua ya mtama, matawi ya mikaratusi, vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, pumba za mpunga wa Ahero, samadi iliyokauka, na makapi ya miwa ya ukanda wa sukari ulioanza na kiwanda cha Miwani mwaka 1922. Kisha kuna makaa, yanayonunuliwa kopo kwa kopo mtu akitoka kazini.

Kila kimoja kina tabia yake. Gunzi hutoa mwale mkali wa muda mfupi. Linafaa kuchemsha maji ya ugali au kukaanga omena, lakini anayetaka kuivisha nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, kwa magunzi matupu atakesha akiyachomeka. Samadi haina mwale wa kusifiwa, ila joto lake hudumu chini ya majivu. Makapi ya miwa huwaka kwa pupa na kutoweka. Vumbi la mbao likimwagwa juu ya moto huuzima. Likishindiliwa ndani ya mkebe uliosimamishiwa mti katikati na kuchomekwa mwingine kwa tundu la ubavuni, miti hiyo ikachomolewa taratibu, hubaki njia ya hewa, na mkebe mmoja huweza kupika chakula chote cha mchana. Anayeshindilia kwa mkono legevu huona vumbi likiporomoka na moto kufa. Anayeshindilia kwa mkono wa kazi hahitaji kurudi kuutazama.

Na kuna moto wa mboga. Osuga na dek ni mboga chungu. Katika nyumba za Waluo zinazofuata desturi huchemshwa, hutiwa maziwa, kisha hurudishwa jikoni tena na tena, pengine siku mbili au tatu, hadi uchungu utulie na mchuzi uwe mzito. Kazi hiyo haitaki mwale. Inataka vipande vichache vya makaa vilivyofunikwa majivu, chungu cha udongo, na mtu anayejua wakati wa kufukua na wakati wa kuacha. Wapishi wa mjini wanaoharakisha mboga hizo kwa moto wa gesi hupata sahani ya majani yaliyokatwa na maziwa yaliyokatika.

Marekani na kaskazini mwa Ulaya, ujuzi huo umehamishiwa kiwandani. Vumbi la mbao hukaushwa na kushindiliwa kwa mashine hadi liwe chembe za unene mmoja na ukavu mmoja, na jiko la kupashia nyumba joto, lenye feni na skrubu inayozunguka, huzimeza kidogo kidogo usiku kucha. Katika majimbo ya Marekani yanayolima mahindi kwa wingi, baadhi ya majiko hayo hulishwa hata punje za mahindi, hasa bei ya nafaka inapoanguka na ya gesi inapopanda. Wenyewe husema kazi haiishi hata kwa mashine: punje yenye unyevu huzima moto, na majivu ya mahindi huyeyuka yakagandamana kuwa donge gumu linalopaswa kung'olewa mara kwa mara. Kisumu, ambako mahindi hupimwa kwa gorogoro na bei yake huzungumzwa kila jioni, hakuna atakayetia punje motoni. Punje huliwa, gunzi huchomwa. Lakini kanuni ni zile zile. Kausha. Kata kwa kipimo. Lisha kidogo. Toa majivu kabla hayajaziba hewa. Nyanya wa Nyahera hufanya kwa vidole kazi ya kiwanda kizima.

Afrika Mashariki nayo imewahi kujaribu njia ya kiwanda. Gisenyi, mji wa Rwanda ulio kando ya Ziwa Kivu, kampuni ya Inyenyeri iligawa majiko yenye feni na kuwauzia wapishi chembe za mbao zilizoshindiliwa. Moto wake ulikuwa safi, bora kuliko wa makaa. Mwaka 2020 kampuni ikafunga milango. Jiko linalokula chembe za aina moja tu halina la kufanya chembe zikikosekana. Mpishi mwenye uzoefu wa magunzi, vijiti na samadi hageuki mgeni wa jiko lake kwa sababu muuzaji mmoja ameondoka.

Historia ya majiko yenyewe ni fupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Jiko la bati la makaa linasemekana kuja na Wahindi waliojenga reli, ile iliyofika ufuoni, mahali palipoitwa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, Desemba 1901, kwa magarimoshi yaliyokuwa yakila kuni. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981, Maxwell Kinyanjui na wenzake walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakaliunda upya kwa mikono ya mafundi wa Kenya: bati nje, kauri ndani, kiuno chembamba. Jiko hilo likaenea nchini kwa mamia ya maelfu. Kwa upande wa kuni, Maendeleo ya Wanawake pamoja na shirika la Kijerumani la GTZ walileta katika miaka hiyo ya 1980 kauri ya kujengewa kwa udongo jikoni, ambayo huku magharibi mwa Kenya ilikuja kuitwa Upesi. Na Upesi ilipohitaji mafundi, ilienda kwa wanawake waliokuwa wakifinyanga tayari, wakiwemo wa kikundi cha Keyo karibu na Kisumu.

Hapa ndipo penye sehemu nzuri kuliko zote za kisa hiki.

Mtafiti Ingrid Herbich, aliyekaa na wafinyanzi wa Kiluo na kuchapisha kazi yake mwaka 1987, alieleza jambo ambalo wenyeji hawakuona ajabu yake: mwanamke hajifunzi ufinyanzi kwa mama yake mzazi. Mara nyingi huanza baada ya kuolewa, akiketi kando ya mama mkwe au wake wenza, katika boma ambalo lina udongo wake, desturi zake na namna yake ya kukunja mdomo wa chungu. Watu humwita kwa jina la kwao: nyar Alego, yaani binti wa Alego, nyar Gem, nyar Kano. Jina linamrudisha alikozaliwa, lakini chungu chake hufuata mkono wa alikoolewa. Kama aliwahi kufinyanga kwingine, huacha aliyoyajua na kuanza upya.

Fikiria ukimya wa mafunzo hayo. Mama mkwe hatoi mhadhara. Bibi arusi hutumwa kwanza kuchota udongo, kisha kuuponda na kutoa vijiwe, kisha kusaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, ambavyo huchanganywa na udongo mpya ili usipasuke motoni. Kwa hiyo ndani ya chungu cha leo kuna unga wa chungu cha aliyemtangulia. Anapopewa udongo afinyange, huwa tayari ameushika muda mrefu, na vidole vyake vimeshaelewa ni lini umekolea maji na ni lini umechoka. Makosa yake hayakemewi; huonekana siku ya kuchoma, chungu kinapopasuka kwa mlio, na kila mtu aliyepo husikia.

Mikono iliyofunzwa hivyo ndiyo iliyopokea kauri ya jiko. Kalibu ilikuja na vipimo, ili kila kauri itoke sawa na nyingine, lakini kalibu haijui kukausha kivulini wala kusubiri. Mwanya wa kuni ukikatwa mpana, jiko hula bila kushiba. Ukiwa mwembamba, moshi humrudia mpishi usoni. Vishikio vitatu vya sufuria vikikaa chini mno, sufuria hukaba mwale. Kuna mfinyanzi anayepitisha kidole gumba ukingoni mwa kauri mbichi na kuitupa arudie, ingawa mnunuzi wa kawaida asingeona kasoro yoyote.

Ziwa lenyewe liliongeza uzito wa kazi hii. Ngege na omena hukaushwa kwa jua. Mbuta, aliyeingizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na 1960 na kutapakaa kufikia miaka ya 1980, ana mafuta mengi mno. Jua peke yake halimkaushi, sharti moshi au karai. Tangu hapo miti ya ufuoni ililipa gharama ya samaki huyo. Viwanda vikachukua minofu kupeleka ng'ambo, na mifupa ikaenda Obunga, mtaa wa Kisumu ambako wanawake huikaanga kwa jina la mgongo wazi kwenye makarai makubwa juu ya moto wa kuni. Wanawake hao wanajua moto kuliko mtu yeyote mjini. Mafuta yakipoa, mgongo wazi hunywa mafuta na mteja harudi. Yakizidi moto, ngozi huungua na mfupa haukauki. Hakuna kipimajoto. Mkono mmoja uko kwenye upawa, mwingine unasukuma na kuvuta kuni. Mapafu yao yanabeba deni ambalo sifa zozote za ufundi haziwezi kulifuta, na ndiyo maana jiko bora na kuni kavu vingekuwa haki yao ya kwanza.

Badala yake, pande zote mbili, wa fundi wa jiko na wa mpishi, zimeporomoka. Sokoni Kibuye, mjini Kisumu, mlio wa nyundo juu ya bati la pipa bado husikika kutwa, na wapo mafundi wanaokunja ukingo kwa uangalifu ule ule wa zamani. Lakini kando yao kunauzwa majiko yenye kauri iliyochomwa nusu, iliyogandishwa kwa saruji tupu bila ule mchanganyiko unaozuia joto lisipotee. Rangi yake ya nje hung'aa. Baada ya miezi michache kauri hupasuka, mwenye nyumba huendelea kupikia jiko lililopasuka, na makaa huisha haraka kuliko zamani. Kisha husema majiko haya ya kuokoa makaa ni uongo.

Jikoni nako hali ni hiyo. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti misituni, na bei ya makaa ikapaa. Julai 2021 kodi ya asilimia 16 ikarudishwa kwenye gesi, na familia zilizoshindwa kujaza mitungi zikarudi kwenye makaa na kuni. Zilirudi mikono mitupu. Kizazi kimoja cha gesi kilitosha kusahaulisha namna ya kuvunja gunzi na kusikiliza. Leo moto huwashwa kwa kipande cha plastiki, kuni mbichi hurundikwa hadi mwanya uzibe, mtoto huambiwa apulize hadi machozi yamtoke, na chakula cha jioni hunuka moshi wa ndoo iliyoyeyuka. Wanaofanya hivyo hawana ubaya moyoni, hakuna aliyewaonyesha. Miradi mingi ya majiko imehesabu majiko yaliyogawiwa, lakini haikumweka nyanya wa Nyahera mbele ya wasichana na wavulana ili awaonyeshe anachofanya kabla ya kugusa kiberiti. Jiko limetajwa kwa jina na kupigwa picha. Anayelilisha hakutajwa.

Vyuo vya ufundi vya kaunti za ziwani vinafundisha kuchomelea vyuma, kushona na kupika keki. Vinaweza kufundisha na moto, na walimu wapo, ingawa wanazeeka: wafinyanzi wa vikundi, wakaangaji wa Obunga, mafundi wa Kibuye wanaokataa kuuza kauri mbichi. Walipwe kama walimu wengine, wakiwa bado na nguvu za kuketi mbele ya jiko.

Nawe msomaji, siku utakapokwenda Kibuye kununua jiko, usivutwe na rangi. Ligeuze utazame kauri ilivyoshikana na bati. Igonge kwa kifundo cha kidole: iliyochomwa vizuri hulia kwa sauti kali, iliyopasuka au iliyochomwa nusu hutoa sauti butu. Muulize fundi kauri hiyo imefinyangwa wapi na nani. Akikutajia kikundi na kijiji bila kusita, mlipe bei anayoitaka.