Hedi Haifunguliwi Ikiwa ya Moto

Ile video mmeiona wenyewe, maana kila kundi la mafundi imepita. Prado ya 1KZ imechemsha barabarani, imevutwa hadi gereji, maji yametolewa yakiwa bado yanafuka, na fundi keshachomeka soketi kwenye bolti za hedi, mashine ya upepo mkononi. Akaanza upande wa taimingi, akashuka kwa mstari hadi nyuma. Vijana wakashangilia kasi. Bolti ya kwanza ilipotoka, mimi nilishaiandika hedi ile kwenye hasara.

Tumpe haki yake: betri aliitoa hasi kwanza, gari alilikalisha juu ya stendi, na alama za taimingi alizilinganisha kabla ya kuvua beliti. Safi.

Sasa turudi kwenye uamuzi wenyewe. Utetezi wake mliusikia: injini ikiwa ya moto bolti zinalegea, hazivunjiki. Maneno haya ni ya tangu enzi za injini zilizokuwa chuma cha kutupwa juu na chini. 1KZ siyo hiyo. Bloku yake ni chuma cha kutupwa, hedi yake ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara 2 ya chuma. Bolti nayo ni chuma, imepita ndani ya hedi na kuuma kwenye bloku. Kwa hiyo injini ikiwa ya moto, hedi imenenepa kuliko bolti ilivyorefuka, na bolti imevutwa kuliko ilivyokuwa ikiwa baridi. Fundi aliyedai joto limemrahisishia kazi alikuwa anapambana na bolti zilizokaza kuliko siku zilipofungwa.

Halafu ule mstari. Hedi ya silinda 4 za safu moja ni ndefu na nyembamba. Ukiziachia za mbele zote huku za nyuma zikiwa bado zimekaba, upande mmoja uko huru kuinuka na mwingine umeshikiliwa, na aluminiamu yenyewe bado ina joto, inataka kusinyaa. Hapo unaipinda kwa mkono wako. Kanuni imechorwa katika kila kitabu cha ukarabati: unaanza na bolti za pembeni kabisa, mbele na nyuma kwa kupishana, unaingia kuelekea katikati. Kila moja unailegeza kidogo, unazizungukia zote, unarudia mara 2 au 3, ndipo unazitoa. Kufunga ni kinyume chake, kutoka katikati kwenda nje. Na yote haya injini ikiwa imepoa kabisa. Gari lililokwisha kuchemsha likilala gereji usiku mmoja halimpunguzii mtu chochote.

Lakini hata kupinda si jambo linaloniuma zaidi. Injini iliyochemsha hufunguliwa ili isomwe. Shika spana ya mkono ulegeze bolti moja moja, mkono utakuambia mambo. Ile iliyoachia kirahisi kuliko wenzake inakuonyesha mahali ambapo mbano ulipungua, na mara nyingi ukigeuza gasketi unakuta imeungua jirani na hapo. Iliyotoka na unyevu na kutu kwenye uzi inakuambia maji yamekuwa yakipita njia isiyo yake. Mashine ya upepo inazigonga zote kwa nguvu ileile. Iliyokaza na iliyolegea zote zinatoka kwa kelele moja, na habari yote inapotea.

Ndiyo maana ile picha ya mwisho ilinichefua. Rula ya chuma imelazwa juu ya hedi, fila inapita katikati bila kugusa, na fundi anamtangazia mwenye gari kwamba hedi imepinda kwa kuchemsha, kwa hiyo alipie skimu. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia ilikuwa imenyooka hadi dakika 10 kabla. Hakuna tena awezaye kujua, na aliyefuta ushahidi ndiye anayetoa hukumu na kupokea hela.

Na mtanisamehe, thamostati nayo siwezi kuiacha. Mliona alivyoichomoa na kuitupa pembeni eti nchi hii ni ya joto. Kwenye injini ambazo thamostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika rediata. Mwezi ujao gari linachemsha tena mlimani, lawama anabebeshwa muuza gasketi.

Wazee waliofungua Peugeot 504 wasingevumilia haya. Nayo ilikuwa na hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na juu ya hilo silinda zake zilikuwa silivu zinazozungukwa na maji, zimekaa tu juu ya sili za chini. Hedi ukiinyanyua kwa pupa, silivu zinaifuata na sili zinaharibika. Basi waliitikisa kwanza kwa upole kushoto na kulia hadi iachane na gasketi, wakazibana silivu kwa washa na bolti, na ole wake kijana atakayegusa krenki. Fito za valvu walizichomeka kwenye kipande cha boksi kilichotobolewa, kila moja na tundu lake, zirudi zilikotoka. Gari hilo ndilo Ove Andersson aliloshindia Safari Rally mwaka 1975. Joginder Singh, aliyeichukua 1965, 1974 na 1976, alishika spana kabla ya kushika usukani wa mashindano. Watu wa zama hizo walijua kwamba gari linashinda au kushindwa kwa namna lilivyofunguliwa.

Mwenye gari, neno langu ni fupi. Fundi akitaka kugusa bolti za hedi leoleo gari lilipochemka, mwambie mtaonana kesho asubuhi. Akija kesho na mashine ya upepo, mpe spana ya mkono na usimame hapo uhesabu anaanzia wapi. Akikuambia unamchelewesha, funga boneti utafute mwingine, maana skimu utakayolipia ni yako, si yake.