Unyevu Dirishani: Somo la Tembe za Unyanyembe

Pazia likiota madoa meusi pindoni, au ubao wa dirisha ukivimba hata usifunge, lawama huangukia kitambaa, rangi au seremala. Lawama hiyo haimpati mwenye kosa. Kinachoharibu ni maji ambayo nyumba yenyewe imeyafungia ndani, na kinga yake huanzia kwenye ujenzi wa dirisha kabla ya kufika dukani kwa muuza rangi. Ushahidi wa hoja hii uko Tabora, katika tembe, yaani nyumba za udongo zenye paa bapa, walizokaa wafanyabiashara wa Unyanyembe, eneo la Tabora, karne ya 19, enzi ambapo misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita hapo kati ya Bagamoyo na Ujiji.

Tuanze na namna maji yanavyofika dirishani. Hewa ya chumba yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha matone ikigusa kitu chenye nyuzi 12 hivi. Mtu aliyelala hutoa takriban gramu 40 za mvuke kwa saa, kwa hiyo watu wawili kwa saa nane hujaza chumba zaidi ya nusu lita ya maji yasiyoonekana. Usiku wa baridi, kioo chembamba ndicho hupoa kwanza. Pazia zito lililokigusa huzuia joto la chumba lisikifikie, nacho huzidi kupoa, ilhali mvuke unapenya kitambaa bila shida. Matone huteremka, hutuama chini ya fremu, na pindo la pazia huyanyonya. Ubao nao hunywa maji haraka zaidi kwenye ncha zake zilizokatwa, mahali ambapo mara nyingi brashi haikupita. Unyevu ukivuka kama asilimia 20 ya uzito wake mkavu na kudumu hapo, kuvu wa kuozesha hupata makazi.

Sasa tazama tembe. Msafiri Richard Burton, aliyefika Kazeh, kituo cha biashara palipo Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika juu ya baraza pana lenye kivuli mbele ya nyumba hizo. Msafiri mwingine, Henry Stanley, naye alikaa katika tembe yenye baraza huko Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871, na mwaka uliofuata akaishi humo na msafiri mwenzake David Livingstone. Kiufundi, baraza lilifanya kazi kubwa kuliko kupokea wageni: lilisogeza mvua mbali na mlango na madirisha, na mbao zilizolowa kwa rasharasha zikakauka kivulini polepole bila kupasuka kwa jua. Kuta nene za udongo zilinyonya mvuke wa usiku na kuurudisha hewani mchana. Matundu yalikuwa madogo na ya kufungwa kwa mbao, maana mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi, na vioo vikubwa visingesafiri salama kwa miguu kutoka pwani. Ubao haupoi upesi kama kioo, hivyo mvuke haukupata pa kugandia.

Msomaji makini atapinga kwamba tembe ya Kwihara tunayoiona leo ilijengwa upya mwaka 1957, na kwamba paa bapa la udongo lilihitaji kukarabatiwa kila masika. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo, hoja haitegemei umri wa ukuta uliopo. Inategemea maelezo ya walioziona nyumba hizo na tabia ya mvuke, ambayo haijabadilika. Udhaifu wa paa hauondoi ubora wa baraza: tunaweza kuchukua kivuli, tukaezeka bati. Mwingine atasema kipupwe cha Tabora ni kikavu, na joto la usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 15 tu. Ni sahihi, na ndiyo maana adui mkubwa wa mbao Tabora ni mvua za Novemba hadi Aprili. Lakini jengo hilohilo la vioo na mapazia mazito likipelekwa Njombe au Makete, ambako baridi ya Juni na Julai huweza kuleta sakitu, kioo kitatiririka kila alfajiri.

Mvuke unahitaji njia ya kutoka, na hapo pingamizi zito zaidi ni la usalama: dirisha wazi huingiza mbu na mwizi. Jibu ni matundu ya hewa juu ya dirisha, yenye wavu, yasiyofungwa usiku; mvuke hupanda na hewa ya joto na kutokea hapo. Pazia liachwe upana wa vidole vinne kutoka kwenye kioo, pindo lisifike kwenye kizingiti cha chini, na asubuhi livutwe kando na kioo kifutwe. Ubao upakwe rangi pande zote na ncha zote kabla ya kufungwa, kwa sababu uliopakwa upande mmoja hunywa maji upande wa pili na kupinda. Mninga wa miombo ya Tabora huvimba na kusinyaa kidogo kuliko mbao nyingi, lakini hata mninga huoza ukiachwa umelowa. Anayejenga mwaka huu atenge fedha ya kivuli na matundu ya hewa kwanza, ndipo achague pazia.