Wimbo wa Kijiti katika makoo mawili

Wapenzi wa taarab ya zamani ya Zanzibar hawaishi kubishana: Siti au Bi Kidude? Mmoja atasema sauti ya Siti binti Saad ni nyembamba mno, inapitia puani, na mikwaruzo ya santuri ndiyo inaimaliza kabisa. Mwenzake atajibu kwamba Bi Kidude hakuimba, alifoka. Ubishi huu hunoga zaidi wote wawili wakisikilizwa katika wimbo mmoja, Kijiti. Siti aliuimba kwanza. Bi Kidude, aliyezichota nyimbo za Siti kwa kusikiliza, akauimba baadaye.

Kisa chake kinatisha. Mwanamke mgeni aliyefika Zanzibar kutoka Dar es Salaam anachukuliwa na mwanamume aitwaye Kijiti, anatendewa unyama na kuuawa. Kijiti anavukia bara, na kesi inaishia kuwaumiza wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi.

Utunzi ni wa mistari mitatu kwa ubeti, kila mstari ukikatika katikati, mizani nane kwa nane. Katika ubeti wa kwanza kina cha kati ni “ni”, cha mwisho ni “ti”. Hapo ndipo penye ufundi. “Ni” inavutika: mwimbaji anaweza kuikalia, kuipandisha, kuipindapinda atakavyo. “Ti” inagonga na kukatika. Tena jina Kijiti limefungwa kina kimoja na neno maiti, kwa hiyo hukumu ambayo korti haikuitoa imetolewa na vina.

Siti, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliwahi kutembeza vyungu akivinadi njiani, na Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad anaeleza jinsi sauti yake ilivyofika mbali. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV. Enzi hizo wimbo ulichongwa moja kwa moja kwenye nta, bila nafasi ya kurekebisha, na upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulibeba dakika tatu na ushei. Sauti nyembamba ya juu, yenye mwangwi wa puani, ilikuwa mali: ilipenya katikati ya udi na fidla bila kumezwa. Anayeiona pua hiyo kuwa kasoro na alisikilize neno “mgeni” katika ubeti huo wa kwanza. Lina mizani tatu, m-ge-ni, na hiyo “m” haina irabu. Midomo ikishafumba, noti haina pa kupitia ila puani. Kiswahili chenyewe kinaidai pua, na Siti alikuwa nayo tayari.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, alipikwa kwingine: kwenye unyago na msondo, ambako mwimbaji hushindana na ngoma anayoipiga mwenyewe. Sauti ya namna hiyo hutoka kifuani. Katika rekodi zake za uzeeni imekwaruza, iko chini kwa mwanamke, na madoido ya Kiarabu ni machache. Hiyo “ni” ambayo fundi wa taarab angeipamba, yeye haibembelezi sana. Uzito wake uko kwenye “ti”. Kwa sikio la safu hii, kisa cha mauaji kinamfaa zaidi yeye, ingawa kwa nyimbo za mapenzi Siti habanduki kileleni. (Wako watakaonuna.)

Kuna jambo moja ambalo mashabiki wa pande zote mbili hulisahau, nalo ni matamshi. Wote wawili hawakulimeza neno. Siti alijijengea jina kwa kuiimba taarab kwa Kiswahili wakati Kiarabu ndicho kilichotukuzwa kwenye kasri la sultani, hivyo msikilizaji wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida mjini Zanzibar, alipaswa kuelewa nani kafanya nini. Bi Kidude aliishika kanuni hiyohiyo hadi uzeeni. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, na mpaka karibu na kifo chake Aprili 2013 bado alikuwa akipanda jukwaani, sigara mkononi, msondo ukiwa umefungwa kiunoni.