Msasi Hukaa Demani

Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, msimu wa kuwinda kulungu mkia-mweupe kwa bunduki hufunguliwa Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba, na kudumu siku 9. Msasi anayeijua kazi yake huwa ameshaanza zamani, majani yangali mtini, anapita mikono mitupu akiisoma ardhi: mwaloni upi umezaa, njia ipi ina kwato mbichi, mti upi umechunwa magome na dume anayesugua pembe. Huupenda zaidi mwaloni mweupe, kwani mbegu zake hazina uchungu mwingi kama za mwaloni mwekundu, na kulungu huzikimbilia.

Zaidi ya yote husoma upepo. Macho ya kulungu hayaitambui vizuri rangi ya chungwa, kwa hiyo wawindaji huvaa fulana za rangi hiyo kali ili waonane wao kwa wao. Pua yake ndiyo haihadaiki. Msasi, kama nahodha, lazima ajue joshini, upepo utokako, na demani, uendako, kisha akae demani. Tena upepo una tabia zake: asubuhi jua likipasha miteremko, hewa hupanda, jioni ikipoa, huteremka bondeni. Kwa hiyo mahali palipomficha alfajiri huweza kumfichua magharibi. Nawastahi sana wanaogundua kwamba upepo umegeuka, wakapaacha mahali walipopaandaa tangu Agosti.

Wengi husifu shabaha. Mimi nasifu kidole kinachotulia dume akiwa amesimama nyuma ya matawi, hata akiwa na pembe za kujivunia maisha yote. Hungojwa mpaka ageuke ubavu, ndipo apigwe nyuma kidogo ya bega, penye mapafu, afe upesi.

Baada ya mlio kuna kungoja tena, na hapa ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu. Mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi-nyeusi ni ya ini, asifuatwe upesi. Ikiwa na chembe za majani yaliyotafunwa na harufu ya utumbo, mwache kwa saa nyingi, maana akishtuliwa atakwenda kufia asikoonekana. Mfuatiliaji hutembea kando ya damu asiikanyage, akiacha alama kila penye tone. Ikikatika, hurudi kwenye tone la mwisho, akapiga magoti na kugeuza majani makavu moja moja.

Kungoja huku hakumaanishi kumhurumia kila mnyama. Aldo Leopold, mwindaji na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alishikilia katika miaka ya 1940 kwamba kulungu wakizidi huula msitu mpaka wafe njaa, hivyo majike nao wapunguzwe. Alilaumiwa sana. Naamini alikuwa na haki, na anayeleta nyumbani jike mnono namhesabu msasi kamili.

Tangu 2002 kuna jambo jingine. Mwaka huo ugonjwa wa ubongo unaowadhoofisha kulungu mpaka wafe uligunduliwa Wisconsin. Mwindaji makini hupeleka kichwa kituoni ili tezi za shingo zipimwe, huandika namba ya mnyama juu ya kila pakiti ya nyama, huziweka kwenye friza, na hapiki wala hamgawii jirani mpaka majibu ya maabara yarudi.