Padri akihamishwa, mtoto anabaki na nini?

Ndugu wasomi, chukueni sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006. Mtu akibaka, kifungo ni kuanzia miaka 5 mpaka 20. Lakini kama ni mwalimu, ao mtumishi wa dini aliyetumia vibaya nafasi yake, ule mwanzo wa miaka 5 unafanywa mara mbili. Sheria imewataja watumishi wa dini kabisa: padri, pasta, shehe, wote wameingia mule. Na sheria ya pili ya siku ileile, 06/019, inakataza mambo haya kumalizwa kwa amande.

Sasa linganisha na vile inaendaka huku kwetu, toka Lusangi mpaka Kasongo mjini. Wazee wanakutana usiku na baba ya mtoto. Kunatoka mbuzi, kunatoka franga, maombi yanafanywa, watu wanaambiwa wasichafue jina la Kanisa. Mtoto hayuko pale. Mama yake pia mara nyingi hayuko. Kisha mtumishi anahamishwa.

Kuhamisha hakukuanza Maniema. Luk Delft, Msalesiani wa Ubelgiji, alihukumiwa kule Gent mwaka 2012 kwa kudhulumu watoto. Mwaka uliofuata alikuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 2015 akawa mkubwa wa Caritas ya inchi ile. Ilibidi waandishi wa CNN wafuatilie, mwaka 2019, ndipo akaondolewa. Hukumu ya mahakama ilikuwa mkononi, na bado mtu akaletwa Afrika!

Na anayesema kwa sauti? Padri Anthony Musaala wa Kampala aliandika barua Machi 2013 juu ya mapadri wasioshika useja na wanaodhulumu watoto. Mwezi uleule Askofu Mkuu Cyprian Lwanga akamsimamisha. Adhabu ya barua ilifika mbele ya uchunguzi wa yaliyoandikwa ndani.

Tuwe wa haki: mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria ya Vos estis lux mundi. Kila dayosisi iwe na mahali pa wazi pa kupeleka malalamiko, padri anayejua lazima aseme, na aliyeshitaki asifungwe kinywa. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini angalia mlango wenyewe unaelekea wapi: kwa askofu. Sheria ya inchi inaheshimiwa, ila hakuna neno linalomlazimisha askofu kwenda parke pale ambapo inchi yake haimlazimishi. Na mama wa Lusangi atafikaje uaskofuni? Njia ya wakati wa mvua tunaijua wote. Mtu wa karibu ni katekista, naye anakula meza moja na padri.

Wakatoliki angalau wana mlango. Kwenye makanisa ya uamsho pasta mwanzilishi ndiye mkubwa, ndiye mweka hazina, ndiye hakimu. Utamshitaki kwa nani? Na chuo cha Korani kisisahauliwe, maana Kasongo ni mji wa Waislamu tangu siku za Tippu Tip. Heshima tunayompa mwalimu ndiyo hiyo inamnyamazisha mtoto.

Sitaki komisyo mpya yenye mihuri. Kila parokia, kila kanisa na kila msikiti uchague mama wawili wasio ndugu wala wafanyakazi wa kiongozi, majina yao yabandikwe mlangoni kwa Kiswahili. Kazi yao ya kwanza ni kumfikisha mtoto hospitali, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafaa kuanzwa ndani ya saa 72. Wazee wakibishana bei ya mbuzi siku nne, muda ule umekwisha. Kazi ya pili ni polisi. Askofu apewe habari baada ya hapo.

Watasema kuna siri ya kuungama. Sawa, iheshimiwe. Lakini wale wazee wa usiku hawakuwa wanaungamisha mtu.

Na sisi? Karatasi ya mapatano, mara nyingi anaitwa msomi wa familia aiandike, ju ana mwandiko mzuri na anajua Kifaransa. Mbele ya sheria karatasi ile haizuii mashitaka. Ukiitwa, acha kalamu nyumbani, na uulize kwanza mtoto yuko wapi.