Kifuniko cha Agaseke

Ukipanda kutoka Gisenyi, Rwanda, kuelekea Musanze, Ziwa Kivu likabaki nyuma, unaingia Nyakiriba, nchi ya udongo wa volkano, viazi na karoti. Kikapu cha kila siku huku ni cha shamba, kipana na wazi, kila mpita njia akaona umevuna nini. Siku ya posa au harusi hutoka kikapu kingine: agaseke.

Agaseke ni ndogo, na kifuniko chake kimechongoka kwenda juu. Mtu wa pwani atakumbuka kawa la kufunikia chakula. Mvietnamu, kofia yake ya majani. Lakini kawa hushonwa kwa ukili uliokwisha kusukwa, na kofia ile huegemea pete za mianzi. Agaseke haina cha kuegemea. Ni kitita chembamba cha nyasi kinachozungushwa juu ya mwenzake, kikifungwa kwa nyuzi, siku hizi za katani, sindano ikitoboa mzunguko wa chini kila mshono.

Ufundi wenyewe uko kwenye kifuniko. Huanzia kileleni, mahali pasipotosha ncha ya kidole, kisha duara hupanuka. Kila mzunguko unaongeza mishono, na mapambo ya pembepembe nayo yaongezeke kwa kadiri ileile. Hakuna mchoro wa kufuata; hesabu iko kichwani. Ukikosea mapema, kosa linapanuka pamoja na duara. Mwishowe ukingo ukutane na mdomo wa kikapu kilichoshonwa peke yake.

Kazi yote hiyo ni ya kuficha. Unga wa mtama au maharage huingia kwa mwenyeji yakiwa yamefunikwa. Aliyejaliwa na aliyebanwa wanapita mlango mmoja, hakuna anayewapima kwa macho. Huo ni uungwana, na umeshonwa kwa mkono.

Agaseke imo kwenye nembo ya taifa tangu 2001. Mwaka 2005 vikapu vya Rwanda vikaanza kuuzwa katika maduka ya Macy's, Marekani, na wanawake wengi, wakiwamo wajane wa mauaji ya kimbari ya 1994, wakapata kipato. Sahani zinazoshonwa vivyo hivyo, za kutundika ukutani, zinanunuliwa sana, na sizibezi; zinalipa karo. Ila hazina cha kusitiri.

Ukienda kununua, usianze na rangi. Funua, zungusha kifuniko robo duara, funika tena. Kikikaa upande mmoja tu na kugoma pengine, mdomo haukuwa duara kamili. Rudisha, chukua kingine.