Mkataba Usiozungumza na Jirani Yake

Nimeusoma Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kama ninavyosoma kitabu kingine chochote: nani anazungumza, na anazungumza na nani? Ulitiwa saini hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Una ibara 153, na wahusika wake wakuu ni Nchi Wanachama. Wao ndio wanaokubaliana, wanaoazimia, wanaoahidi. Ibara ya 7 inataka ushirikiano umlenge mwananchi, lakini yeye mwenyewe anapopewa nafasi ya kusema, Ibara ya 30, ni kwa kwenda kushtaki mahakamani.

Ibara ya 5 inataja shirikisho la kisiasa kama hatua ya mwisho. Ibara ya 137 inasema lugha rasmi ni Kiingereza, na Kiswahili kikuzwe. (Kilipewa urasmi mwaka 2021.) Katikati ya hapo, 2006 na 2007, wananchi waliulizwa kama shirikisho liharakishwe. Watanzania wengi walikataa haraka hiyo, na ardhi ilikuwa miongoni mwa hofu zao. Watu wa warsha wana jibu lao: wananchi hawajaelimishwa.

Mimi silikubali, na sababu yangu iko mlimani. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Kwa michango yao wenyewe wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Yeye na wakili Earle Seaton wakaandika kitabu, *The Meru Land Case*, kilichotoka 1967. Nacho ni cha Kiingereza, tena kina kurasa kavu za taratibu za mabaraza. Lakini unaposoma unaona watu waliojifunza maana ya udhamini wa kimataifa kwa sababu shamba lao lilikuwa ndani ya neno hilo. Hakuna aliyewafanyia semina. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura, na hata hivyo walijua hasa walichonyimwa.

Halafu, kuelewa si kukubali. Mwaka 2005 serikali ya Ufaransa iliwatumia wapiga kura maandishi ya Katiba ya Ulaya. Watu wakabishana wee, na tarehe 29 Mei wakaikataa. Nadhani hicho ndicho wanachokiogopa wanaoandika kwa ajili ya wenzao tu.

Mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubali tuanze na konfederesheni, muungano ambao kila nchi inabaki na dola yake. Katiba yake inaandaliwa. Rasimu ikinifikia nitaanza na ardhi: nani atamiliki, nani atakodishwa, nani ataamua. Kisha nitaipeleka Ngarenanyuki, niisome kwa sauti kijiweni, nione ni mara ngapi nitalazimika kusimama ili nitafsiri.